Nyota ya Nani? Unajimu, Utambulisho na Makutano ya Kijamii kwa Mtazamo wa Gatumba

Ikisiri

Makala haya yanahakiki hoja inayozidi kupata wafuasi, kwamba unajimu, hata usipochukuliwa kuwa sayansi, unaweza kumsaidia mtu kujitafakari na kuzielewa pande mbalimbali za utambulisho wake. Hoja hiyo inapimwa kwa Gatumba, mji mdogo wa mpakani magharibi mwa Bujumbura, ambako mwaka 2004 watu waliuawa kwa sababu ya alama waliyozaliwa nayo. Makala yanadai kwamba ramani ya nyota inaeleza vizuri wingi wa nafsi lakini inanyamaza kuhusu mamlaka. Yanadai pia kwamba matumizi ya neno nyota katika Kiswahili yana fikra ya kijamii ambayo unajimu wa magazetini umeiacha. Mwishoni yanaonyesha maana ya tofauti hiyo kwa uandikishaji wa watu na kwa sera za uwakilishi.

1. Utangulizi

Gatumba ipo kwenye barabara itokayo Bujumbura kwenda Uvira, katika uwanda ambao mto Rusizi unaingia Ziwa Tanganyika, hatua chache kutoka mpaka wa Kongo. Ni mahali pa wachuuzi, wavuvi, wakulima na wapita njia, na Kirundi na Kiswahili husikika humo kwa pamoja kila siku. Usiku wa tarehe 13 Agosti 2004 watu wenye silaha waliivamia kambi ya muda ya wakimbizi iliyokuwa hapo, wakaua zaidi ya watu 150, wengi wao wanawake na watoto. Karibu wote waliouawa walikuwa Banyamulenge waliokimbia machafuko ya Kivu Kusini miezi michache kabla. Kundi la Palipehutu-FNL lilitangaza kuhusika. Uchunguzi uliofuata, ukiwamo wa shirika la Human Rights Watch, ulibainisha kwamba mahema ya Banyamulenge ndiyo yaliyoshambuliwa, ilhali mahema ya Warundi waliorejea kutoka uhamishoni, yaliyokuwa katika kambi hiyohiyo, hayakuguswa.

Kuzungumzia nyota mbele ya kaburi la watu hao kunaweza kuonekana kuwa ni utovu wa adabu. Hata hivyo, kuna sababu ya kufanya hivyo. Unajimu na ukabila wa kisiasa vyote viwili ni namna ya kumsoma mtu kutokana na kuzaliwa kwake. Vyote viwili humwambia kwamba kabla hajasema neno, kabla hajatenda jema wala baya, kuna alama juu yake inayojulisha yeye ni nani. Tofauti ni kwamba mmoja husomwa gazetini asubuhi kwa tabasamu, na mwingine umewahi kusomwa usiku kwa panga na bunduki. Nadharia yoyote inayopendekeza nyota kuwa kioo cha utambulisho haina budi kueleza tofauti hiyo inatoka wapi.

2. Hoja ya kioo na upungufu wake

Unajimu uliingia katika fikra za Waswahili kwa njia ya elimu ya falaki ya Waarabu, ambao nao walirithi maarifa ya Babeli, Uyunani na Bara Hindi. Buruji kumi na mbili zinazotajwa kwa Kiswahili, kuanzia Hamali hadi Hutu, ni ushahidi wa urithi huo. Tangu zamani elimu hiyo ilikuwa na wapinzani ndani ya ustaarabu uliyoilea: Ibn Khaldun, katika Muqaddima yake ya karne ya 14, alitenga sura ya kuubatilisha utabiri wa nyota.

Watetezi wa sasa wamekwisha kuiacha ngome ya utabiri. Hawadai kwamba Zuhali humtia mtu huzuni au kwamba Mirihi humpeleka vitani. Wanachodai ni kwamba ramani ya kuzaliwa humpa mtu lugha ya kujisemea. Katika ramani hiyo mna jua, mwezi, buruji iliyokuwa ikichomoza mashariki saa ya kuzaliwa, sayari na nyumba kumi na mbili, na hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachotosha kumweleza mtu peke yake. Aliyezaliwa jua likiwa Asadi na mwezi ukiwa Saratani anaweza kujiona kuwa jasiri barazani na mwoga chumbani bila kulazimika kuchagua upande mmoja. Kwa kijana aliyechoka kuulizwa “wewe ni kabila gani?” lugha hiyo ina faraja, kwa kuwa inamruhusu kuwa wengi kwa wakati mmoja. Faraja hiyo ni ya kweli, na uhakiki unaoidharau hauwezi kueleza kwa nini watu wanaendelea kuitafuta.

Upungufu unaonekana tunapoitazama sarufi ya matini zenyewe. Theodor Adorno, aliyechunguza safu ya nyota ya gazeti la Los Angeles Times ya mwaka 1952 na 1953, alionyesha kwamba safu ile iliyageuza matatizo ya jamii kuwa mambo ya mtu binafsi, yanayotatuliwa kwa kurekebisha mwenendo. Safu za nyota katika magazeti ya Kiswahili zina umbo linalokaribiana na hilo. Huzungumza na nafsi ya pili umoja. Hutumia wakati ujao na kauli ya kuamrisha. Hupenda vitenzi visivyomtaja mtendaji. Fedha zitapatikana, ugomvi utatokea, safari itaahirishwa. Nani atatoa fedha, nani ataanzisha ugomvi, nani ameifunga barabara, hayasemwi. Msomaji anaambiwa ajihadhari, wala haambiwi ajihadhari na nani.

Hapo ndipo ulinganisho wa ramani ya nyota na makutano ya utambulisho unapolegea. Dhana ya makutano, kama ilivyoasisiwa na mwanasheria Kimberlé Crenshaw mwaka 1989, haikukusudiwa kusema tu kwamba kila mtu ana pande nyingi. Jambo hilo lilijulikana tangu kale. Crenshaw alianza na kesi. Mwaka 1976, katika shauri la DeGraffenreid dhidi ya General Motors, wanawake weusi walilalamikia ubaguzi kazini. Mahakama ilikataa kuunganisha rangi na jinsia katika dai moja. Kampuni ilikuwa imeajiri wanawake, nao walikuwa weupe. Iliajiri weusi pia, nao walikuwa wanaume. Waliosimama pale njia mbili zinapokutana hawakuonekana na sheria hata kidogo. Makutano, kwa hiyo, ni jina la mahali ambapo mamlaka humkosa mtu au humpiga mara mbili. Katika ramani ya nyota hakuna mahali kama hapo. Thauri haimtawali Mizani, Kausi hainyimi Dalu ardhi. Buruji zote zina haki sawa mbinguni, na kwa sababu hiyo haziwezi kutufundisha lolote kuhusu dunia ambayo alama zake hazina haki sawa.

3. Nyota katika matumizi ya Kiswahili

Kiswahili chenyewe kinatoa njia nyingine ya kuifikiri nyota, na inashangaza kwamba mjadala wa sasa umeipita bila kuiona. Katika mazungumzo ya kawaida, kutoka Mombasa hadi Dar es Salaam na kuingia bara, mtu husemwa kuwa ana nyota ya kupendwa. Nyota yake inang'aa. Nyota yake imefunikwa, imezimwa, hata imeibwa. Watu wawili husemwa kwamba nyota zao hazipatani. Hakuna hata kauli moja kati ya hizo inayoeleza tabia iliyofungwa ndani ya mtu. Zote zinaeleza jambo lililopo baina ya watu: upendo, husuda, upatanifu, uadui. Nyota ya aina hii huonekana na wengine kabla ya kuonekana na mwenyewe, na huweza kuharibiwa na wengine bila yeye kukosea. Tofauti na safu ya gazeti, kauli “ameibiwa nyota” inadai mtendaji. Msikilizaji atauliza mara moja: nani?

Jambo la pili ni hesabu. Kwa desturi ya falaki ya Waswahili, mtu asiyejua siku aliyozaliwa hakosi nyota. Mnajimu huchukua jina lake na jina la mama yake, huzipa herufi thamani zake za abjadi, hujumlisha, kisha huondoa kumi na mbili kumi na mbili. Kinachobaki ndicho kinachotaja buruji. Mama ndiye shahidi wa kuzaliwa. Nchini Burundi, kinyume chake, kabila hufuata baba. Mtoto wa baba Mhutu na mama Mtutsi huhesabiwa kuwa Mhutu, na upande wa mama hunyamazishwa katika hesabu hiyo hata kama ndiko alikolelewa. Ukiziweka hesabu hizi mbili pamoja, mtu yuleyule anapata nasaba mbili za alama: moja inayopitia kwa mama na haina nguvu ya kisiasa, nyingine inayopitia kwa baba na imewahi kuamua uhai na kifo. Ulinganisho huu unaonyesha kwamba “alama ya kuzaliwa” haitokani na kuzaliwa kwenyewe. Inatokana na kanuni ya kuhesabu, na kanuni huwekwa na watu.

Lugha imeweka hapa sadfa ambayo msomaji wa Burundi hawezi kuisikia bila kushtuka. Buruji ya kumi na mbili, ile ya samaki, kwa Kiswahili cha falaki huitwa Hutu, kutokana na neno la Kiarabu lenye maana ya samaki. Neno hilo halina nasaba yoyote na jina la watu wa Burundi na Rwanda. Ni sauti tu zilizokutana. Lakini mkutano huo wa sauti unafundisha. Mtu anaweza kusema “nyota yangu ni Hutu” katika baraza moja na asieleweke vibaya, na katika baraza lingine sauti hizohizo zikamponza. Uzito haumo katika neno. Umo kwa anayesikia na katika alichonacho mkononi.

Tena, alama ya kabila nchini Burundi haisomeki kwa urahisi kama inavyodhaniwa. Wahutu, Watutsi na Watwa huzungumza Kirundi kimoja na huishi vilima vilevile. Majina yao, ambayo Philippe Ntahombaye aliyachunguza katika kitabu chake cha mwaka 1983, hayatengi makabila. Bukuru na Butoyi ni pacha mkubwa na pacha mdogo. Nyandwi ni mtoto wa saba, Minani wa nane. Majina hayo yanasema mtu alizaliwa lini katika mfululizo wa ndugu zake, wala hayasemi ni Mhutu au Mtutsi. Kama ilivyo kwa nyota, alama ya kabila huhitaji msomaji anayedai kuijua: jirani, mkuu wa eneo, mwandishi wa orodha.

Haifai, hata hivyo, kuisifu falaki ya Waswahili kana kwamba haijawahi kukaa karibu na mamlaka. Sheikh Yahya Hussein wa Dar es Salaam, mnajimu mashuhuri kuliko wote wa Afrika Mashariki wa zama zake, aliyefariki Mei 2011, alitabiri hadharani kabla ya uchaguzi wa 2010 kwamba atakayethubutu kumpinga Rais Jakaya Kikwete ndani ya chama chake angekufa ghafla. Utabiri huo ulizua ubishi mkubwa, na kwa haki. Nyota iliyotolewa barazani ikapelekwa kwenye uteuzi wa mgombea haikuwa tena kioo cha nafsi. Ilikuwa onyo kwa wengine.

4. Tarehe ya kuzaliwa mikononi mwa dola

Unajimu wa ramani unadai kitu ambacho watetezi wake hawakioni kwa sababu wanacho: cheti cha kuzaliwa chenye siku na saa. Katika uandikishaji wa wakimbizi sehemu nyingi duniani, asiyejua tarehe yake huandikiwa Januari 1 ya mwaka unaokadiriwa. Kwa kanuni za unajimu, umati huo wote ni watu wa buruji ya Jadi. Hakuna anayeamini kwamba mbingu ziliwazaa pamoja. Kilichowazaa ni kalamu ya karani. Tarehe hiyo itamfuata mtu shuleni, hospitalini, katika maombi ya uraia na siku ya kustaafu.

Dola nazo zina unajimu wao. Sheria ya uraia ya Zaire ya mwaka 1981 ilimtaka mtu athibitishe kwamba wahenga wake walikuwa wa kabila lililokuwa ndani ya mipaka ya nchi tarehe 1 Agosti 1885. Kwa Banyamulenge, siku ya kuzaliwa iliyohojiwa haikuwa yao wala ya wazazi wao. Ilikuwa siku moja ya karne ya 19, iliyopangwa na watu waliokuwa wakigawana Afrika. Sheria mpya ya Kongo iliyoulegeza msimamo huo ilitolewa tarehe 12 Novemba 2004, miezi mitatu baada ya mauaji ya Gatumba.

Burundi ilichagua njia tofauti. Mkataba wa Arusha wa tarehe 28 Agosti 2000, na Katiba ya 2005 iliyoufuata, viliyataja makabila waziwazi ili yagawane madaraka: katika Serikali na Bunge la Taifa, Wahutu asilimia 60 na Watutsi asilimia 40, wanawake wasiopungua asilimia 30, na Watwa watatu kuingizwa Bungeni, katika Seneti, nusu kwa nusu baina ya Wahutu na Watutsi. Mpango huo ulisaidia kuzima vita, na hilo si jambo dogo. Lakini muundo wake ni wa safu zisizokutana. Kabila huhesabiwa katika safu moja, jinsia katika safu nyingine. Mwanamke Mtwa, mtoto wa ndoa ya mchanganyiko, mrejea aliyekulia kambini Tanzania, mkazi wa Gatumba aliyehamishwa na mafuriko ya Rusizi tangu 2020: hao huonekana kwa upande mmoja mmoja, na palepale pande zao zinapokutana hutoweka. Ni kosa lilelile ambalo Crenshaw alilikuta katika shauri la 1976.

5. Kulihoji jua

Maandiko ya manusura wa Gatumba yanatoa usomaji mwingine wa mbingu. Sandra Uwiringiyimana, Munyamulenge aliyekulia Uvira na aliyekuwa na umri wa miaka kumi usiku wa mauaji, alichapisha mwaka 2017 kumbukumbu zake, How Dare the Sun Rise, alizoandika pamoja na mwanahabari Abigail Pesta. Si kitabu cha unajimu, lakini kichwa chake kinaligusa jua moja kwa moja: kinaliuliza lathubutuje kuchomoza. Katika unajimu jua la siku ya kuzaliwa humwambia mtu yeye ni nani. Hapa mwelekeo umegeuzwa. Mtu ndiye anayelihoji jua, naye analihoji kuhusu asubuhi iliyokuja kama kawaida juu ya waliokufa, dada yake mdogo akiwamo.

Kitabu hicho kinafaa kusomwa kama uhakiki wa utambulisho. Uvira, msichana huyo aliambiwa kwamba watu wake si Wakongo. Gatumba, alisomwa kuwa Mtutsi. Rochester, katika jimbo la New York, familia yake ilikopelekwa kuanza upya, alisomwa kuwa mweusi na watu wasiolijua neno Munyamulenge. Mahali patatu, wasomaji watatu, mtu mmoja. Nguvu ya kumbukumbu hizo ni kwamba hazikazanii kutafuta ni usomaji upi uliokuwa sahihi. Zinafuatilia kila usomaji ulimgharimu nini. Upungufu upo pia: kitabu kimeandikwa kwa Kiingereza, na hadhira yake ya kwanza iko mbali na barabara ya Uvira. Mjadala kuhusu Gatumba bado unahitaji matini zinazozungumza na Gatumba.

Usiku ule, aliyeuawa hakuuawa kwa kuwa mkimbizi tu, kwa sababu wakimbizi wengine waliachwa. Alikuwa mgeni kwa Burundi, mtu asiyetambuliwa kwa Kongo, Mtutsi kwa wauaji, na mkazi wa hema lililo karibu na mpaka. Kila alama peke yake ilikuwa na watu wengine waliolala salama. Zilipokutana katika hema moja, zikawa hukumu.

6. Hitimisho

Uhakiki huu haukusudii kuwapokonya watu nyota zao. Anayejitazama katika Asadi au Mizani ili kuelewa kwamba ana pande nyingi hajakosea. Amekosea anayedhani kwamba kwa kufanya hivyo amekwisha kuyaelewa makutano ya jamii. Kigezo kinachopendekezwa hapa ni swali moja la kuulizwa kila mfumo wa alama, uwe wa mnajimu, wa karani au wa mtunga katiba: nani anasoma, kwa kanuni ya nani, na msomwaji anaweza kukataa? Safu ya nyota inaweza kufungwa na kutupwa. Kabila lililoandikwa, uraia ulionyimwa na hema ulilopangiwa havitupwi hivyo.

Kwa watafiti, hili linaelekeza kwenye kazi ya ugani: kukusanya na kuchambua kauli za nyota, husuda na upatanifu kama zinavyosemwa Buyenzi, Gatumba na Uvira, na kuzichukulia kuwa fikra ya kijamii kuhusu uhusiano baina ya watu. Kuziweka katika kapu la ushirikina ni kuzikataa kabla ya kuzisikiliza. Kwa washauri wa sera, mambo mawili yako karibu. Tarehe ya kuzaliwa inayokadiriwa iandikwe kuwa ni makadirio, na mwenye tarehe awe na njia nyepesi ya kuirekebisha. Na kwa kuwa Katiba ya 2018 iliipa Seneti ya Burundi kazi ya kutathmini ndani ya miaka mitano kama mgawo wa kikabila uendelee au ukome, mjadala wa mgawo huo upime pia ni nani wanaopotea baina ya safu zake.

Inabaki shida ambayo makala haya hayawezi kuitatua, na si vyema kuificha. Ili dola imwone aliyesimama kwenye makutano, ni lazima imwandike kwa pande zake zote. Lakini Gatumba mpangilio wa mahema wenyewe ulikuwa orodha, nao ulisomwa na wasiotakiwa kuusoma. Kila anayependekeza takwimu kamili zaidi za utambulisho katika Maziwa Makuu anapaswa kueleza, katika pendekezo hilohilo, nani atazishika takwimu hizo na zitachomwa lini.